Hedfoni za elektrostatiki na amplifaya zake: volti nyingi, umeme kiduchu

Kila zikitajwa hedfoni za Stax, kampuni inayotengeneza hedfoni za elektrostatiki, lazima atokee mtu aulize kama anaweza kuchomeka kwenye simu au laptop, anajibiwa hapana, plagi yake ya pini tano haiingii popote zaidi ya kwenye amplifaya yake, na hapo anaondoka akiamini kwamba hizi ni hedfoni zinazokula umeme mwingi. Sio kweli. Hedfoni yenyewe haili umeme karibu chochote, inachotaka ni volti nyingi sana, na hivyo ni vitu viwili tofauti ambavyo ukishavichanganya basi hakuna kitakachoeleweka tena kuhusu hizi mashine, iwe bei, iwe amplifaya, iwe hiyo plagi, hadi ile hofu ya kupigwa shoti sikioni.

Tuanze na kitu ambacho wengi tushakiona, maiki ya kondensa. Studio yoyote ya kurekodi, iwe ya Bongo Flava iwe ya kwaya, kuna kitufe kimeandikwa 48V, na bila kukibonyeza maiki inakuwa bubu. Ndani ya ile maiki kuna utando mwembamba sana uliopakwa dhahabu, umekaa karibu kabisa na bati la chuma lakini haugusani nalo, na kati yao kuna umeme tuli umehifadhiwa. Sauti ikiupiga ule utando unacheza, umbali kati yake na bati unabadilika, na umeme nao unabadilika, hiyo ndo signali inayokwenda kurekodiwa. Kitu hiki kilibuniwa na E. C. Wente huko Marekani mwaka 1916. Sasa kigeuze: badala ya sauti kuchezesha utando ili upate umeme, peleka umeme uchezeshe utando upate sauti. Hiyo ndo hedfoni ya elektrostatiki, ni ndugu wa damu wa maiki ya kondensa, na ndo maana zote mbili hazifanyi kazi mpaka zipewe volti kwanza.

Hedfoni za kawaida, hizi za kila siku, hazina habari hiyo. Zenyewe zina sumaku, zina koili ya waya, na koili imegundishwa kwenye koni. Mkondo ukipita kwenye koili sumaku inaivuta au kuisukuma, koili inaenda na koni. Njia nzuri, rahisi, imara, inaenda hata na umeme mdogo wa simu. Tatizo lake ni kwamba nguvu inaingilia sehemu moja tu, pale koili iliposhikana na koni, sehemu nyingine zote zinaburuzwa, na koni lazima iwe ngumu kiasi isijikunje, na ikiwa ngumu inakuwa na uzito, na kitu chenye uzito ukikiambia kianze kinachelewa kuanza na ukikiambia kisimame kinachelewa kusimama.

Njoo sasa tufungue upande mmoja wa hedfoni ya elektrostatiki, kwa mawazo tu, usifungue ya kweli. Nje kuna wavu wa kukinga, nyuma yake kuna karatasi laini ya plastiki ya kuzuia vumbi. Halafu linakuja bati la chuma lenye matundu mengi ili hewa ipite, kisha pete nyembamba ya kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme, kisha utando wenyewe, kisha pete nyingine, kisha bati la pili lenye matundu, karatasi ya vumbi tena, halafu mto wa sikio. Basi. Hamna sumaku, hamna koili. Nafasi kati ya utando na kila bati ni kama nusu milimita kwenye modeli za siku hizi. Nyaya zinazoingia ni tatu tu, mmoja wa bati la mbele, mmoja wa bati la nyuma na mmoja wa utando. Masikio mawili yangekuwa nyaya sita, lakini ule wa utando ni wa pamoja, kwa hiyo ni tano, na hapo tayari ushajua zile pini tano ni za nini.

Huo utando ndo roho ya kitu chote. Ni plastiki ya aina ya polyester, unene wake kwa kawaida ni mikromita 1 hadi 2 na kidogo. Tupige hesabu: chukua utando wa eneo la sentimita za mraba 50 wenye unene wa mikromita 1.35, uzito wake unakuja kama miligramu 9. Sasa chukua hewa iliyolala juu yake kwa kina cha sentimita 1 tu, hiyo hewa ina uzito wa kama miligramu 60. Yaani kinachosukuma hewa ni chepesi kuliko hewa inayosukumwa, mara sita na zaidi! Hapo ndo mimi huwa naona watu wanakosea wakidhani sifa za hizi hedfoni ni maneno ya wauzaji tu, hapana, ni fizikia, utando hauna uzito wa kujivuta nyuma wala wa kuendelea kucheza wakati signali imeshaisha, na nguvu haiingilii katikati peke yake, inaushika uso mzima kwa wakati mmoja.

Inaushika vipi? Hapa ndo kuna volti ya kwanza kati ya zile mbili zinazochanganya watu. Utando umepakwa dawa inayopitisha umeme kwa shida sana, halafu unapewa chaji ya kudumu, wenyewe wanaiita bayasi. Kwa Stax za zamani ilikuwa volti 230, na toka mwanzoni mwa miaka ya 80 walipoleta mfumo wa Pro ikawa volti 580, kampuni ya Koss wao wanatumia 600. Hii volti haichezi na muziki, imetulia vilevile hata kama hakuna kinachopigwa. Kazi yake ni kuupa utando chaji ili mabati yawe na kitu cha kushika.

Na chaji hiyo haitumiki ikaisha. Kuna jaribio zuri linalolionyesha hili waziwazi, ukiwa na kile kiboksi cha transfoma nitakachokielezea mbele kidogo, kile chenye waya wa ukutani kwa ajili ya bayasi tu. Piga muziki, halafu chomoa waya wa ukutani. Muziki haukatiki, unaendelea kama vile hakuna kilichotokea, halafu unaanza kufifia polepole, kwa sababu chaji imebaki imelala juu ya utando na inavuja kidogo kidogo. Ukishaona hilo unaelewa kwamba bayasi haiendeshi hedfoni, inaiweka tu tayari.

Ile dawa kupitisha umeme kwa shida ni makusudi. Ingekuwa inapitisha vizuri kama shaba, utando ukisogea karibu na bati chaji yote ingekimbilia pale palipo karibu zaidi na sauti ingeharibika, kwa hiyo wanaifanya ngumu ili chaji ikae palepale ilipo. Kwa sababu hiyohiyo bayasi inapitishwa kwenye rizista kubwa ya megaomu kadhaa kabla haijafika kwenye utando, na hiyo inasaidia na usalama pia, maana volti 580 ukiigawa kwa megaomu 5 unapata kama miliampia 0.12 tu. Volti ipo lakini mkondo hamna.

Volti ya pili ndo ya muziki, na hii inakwenda kwenye mabati mawili. Bati moja likipanda chanya lingine linashuka hasi kwa kiasi kilekile, kwa hiyo utando wenye chaji unasukumwa na huku na kuvutwa na kule. Kwa nini mabati mawili na sio moja kama kwenye maiki? Kwa sababu bati moja linajua kuvuta tu, na jinsi utando unavyolikaribia ndivyo mvuto unavyozidi, sauti inapinda. Ukiweka mabati mawili makosa ya upande mmoja yanafutwa na ya upande wa pili na unabaki na nguvu iliyonyooka. Peter Walker wa kampuni ya Quad kule Uingereza alilitumia wazo hilo kwenye spika yake kubwa ya ESL ya mwaka 1957, na miaka michache tu baadaye Stax, kampuni ya Japani iliyoanza mwaka 1938, ikaleta SR-1, ilionyeshwa 1959 na kuanza kuuzwa 1960, hedfoni ya kwanza ya elektrostatiki kuingia sokoni.

Sasa twende kwenye amplifaya, maana hapa ndo watu wanapotea zaidi na ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Mabati mawili yenye utando katikati ni nini kwa jicho la fundi umeme? Ni kapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji. Ndogo sana, Stax ukijumlisha na waya wake ni kama pikofaradi 110. Na kapasita haina ukinzani mmoja, inabadilika kwa masafa. Kwenye kilohezi 10 hiyo kapasita ni sawa na omu 145,000 hivi. Shuka kwenye hezi 100, kwenye besi, inakuwa kama omu milioni 14.5. Linganisha na hedfoni ya kawaida ya omu 32. Ukiipa hiyo ya omu 32 volti 1 inavuta miliampia 31. Ukiipa Stax volti 100 kwenye kilohezi 10 inavuta kama miliampia 0.7 tu, na kwenye besi inavuta mara mia chini ya hapo. Afu hata hicho kidogo kinachovutwa hakiliwi, kapasita inakipokea na kukirudisha.

Ni kama ile mashine ya presha ya kuoshea magari ukiilinganisha na mpira wa bustani: maji ni machache lakini msukumo ni mkali. Amplifaya ya simu au ya spika ni mpira wa bustani, imetengenezwa kutoa mkondo mwingi kwa volti chache. Hii ya elektrostatiki inatakiwa itoe mamia ya volti na mkondo mdogo. Kwa hiyo ukichukua amplifaya ya spika ya wati 200 ukadhani ndo itatosha, haitoshi, sio kwa sababu haina nguvu bali nguvu yake iko kwenye umbo lisilotakiwa.

Volti ngapi hasa? Stax SR-L700 kwa mfano inatoa desibeli 101 ukiipa volti 100. Kusikiliza kwa kawaida huhitaji hata volti 100, ila muziki una vilele, ngoma inapigwa ghafla na mwimbaji anapandisha, kwa hiyo inabidi kuwe na nafasi. Amplifaya kama SRM-353X inafika volti 400, yaani desibeli 12 juu ya ile 101. Na inachukua signali ya volti 0.1 kutoka kwenye DAC, kile kifaa kinachogeuza muziki wa kidijitali kuwa signali ya umeme, na kuitoa ikiwa volti 100, inakuza mara 1,000! Makosa yoyote madogo mwanzoni mwa saketi yanakuzwa nayo, kelele, mnguruno wa transfoma, kila kitu.

Halafu kuna kasi. Volti 300 kwenye kilohezi 20 maana yake amplifaya inatakiwa iweze kupanda zaidi ya volti 50 ndani ya mikrosekunde moja, na wakati huohuo itoe miliampia 4 hivi za kuijaza na kuimwaga ile kapasita. Miliampia 4 ni ndogo kwenye makaratasi, ila kuzitoa ukiwa juu ya mamia ya volti, kwa kasi hiyo, bila kupinda, ndo inafanya hizi amplifaya ziwe za daraja A, zinawaka muda wote iwe muziki upo iwe haupo, zinakula wati 30 mpaka 50 ambazo karibu zote zinageuka joto. Kwa hiyo ndio, umeme unaliwa, lakini unaliwa na amplifaya kujiweka tayari, sio na hedfoni.

Hapo pia utaelewa kwa nini kebo ya Stax ni bapa na pana, nyaya zimeachanishwa kwa mstari. Wengi wanadhani ni mapambo. Kila waya ukikaa karibu na mwenzake unaongeza kapasita, na kila pikofaradi inayoongezwa na kebo amplifaya inabidi ijaze na kumwaga bila faida yoyote. Sennheiser walienda mbali zaidi, kwenye HE 1 yao iliyotoka 2015, ile iliyotangazwa kwa euro kama 50,000 yenye nyumba ya marumaru ya Carrara, hatua ya mwisho ya amplifaya wameiweka ndani ya vikombe vya hedfoni zenyewe ili kebo isiwe mzigo. Bei yake siitetei, lakini hilo wazo la kuhamishia amplifaya sikioni naliheshimu sana.

Kuna njia mbili za kupata hizo volti. Ya kwanza ndo kile kiboksi cha transfoma, Stax waliviita SRD, unakichomeka kwenye sehemu ya spika ya amplifaya yako ya kawaida, transfoma inapandisha volti chache kuwa mamia na saketi ndogo pembeni inatengeneza bayasi. Rahisi na inapiga kweli, wala msikubali kudharauliwa mkiwa nacho. Ila transfoma ina mipaka miwili, besi nzito zinaweza kuijaza ile chuma yake mpaka ikashindwa kupitisha zaidi, na juu kwenye trebo waya zake zinagombana na kapasita ya hedfoni na kuleta vilima ambavyo havimo kwenye muziki.

Njia ya pili ni amplifaya ya moja kwa moja, haina transfoma kwenye njia ya sauti. Hapa ndo valvu, zile taa za kioo za kwenye amplifaya na redio za zamani, zinapata heshima yake, na sio kwa ajili ya kumbukumbu za zamani, valvu toka zamani zimezoea kukaa kwenye mamia ya volti na huo mkondo mdogo hauzisumbui. Stax SRM-700T inatumia valvu za 6SN7 pale mwisho. Mmarekani Kevin Gilmore alichora saketi kadhaa na kuziachia watu wajijengee, mojawapo ikiwa Blue Hawaii inayotumia valvu za EL34, hizohizo zinazojulikana kwenye amplifaya za gitaa, na kampuni ya HeadAmp inaiuza ikiwa imetengenezwa tayari. Transista nazo zinaweza ila zile za volti kubwa zenye kasi nzuri viwanda vingi vimeacha kuzitengeneza, ndo maana mafundi wanazitunza kama mboni ya jicho. Kujenga mwenyewe inawezekana, ila naomba hili lisomwe kwa makini: ndani ya amplifaya hizi kuna zaidi ya volti 350 chanya na kiasi hicho hicho hasi, tena hapo hakuna rizista ya megaomu ya kukuokoa, na kapasita zake zinabaki na umeme hata baada ya kuchomoa ukutani. Inaua. Kama hujawahi kufanya kazi kwenye volti kubwa usianzie hapa.

Kuna majina mengine mjini yanayochanganya, nayapitia haraka. Hedfoni za "planar" sio elektrostatiki, nazo zina utando bapa ila umechorwa nyaya na kuwekwa kati ya sumaku, zinaenda na amplifaya ya kawaida. Earphone zilizoandikwa EST zinazochomekwa kwenye simu moja kwa moja zina kipande kidogo cha elektreti, yaani kitu kilichotiwa chaji ya kudumu kiwandani, kama kwenye maiki ya elektreti iliyotoka maabara ya Bell Labs huko Marekani mwaka 1962 mikononi mwa James West na Gerhard Sessler, na ndani kuna katransfoma kadogo, mara nyingi vinapiga trebo tu na sauti nyingine zote zinapigwa na spika za kawaida pembeni. Earphone ya elektrostatiki kamili ilikuwepo, Shure KSE1500 ya mwaka 2015, hiyo ilikuja na amplifaya yake na bayasi ya volti 200. Nazo Audeze CRBN za 2021 zimetokana na kazi ya kutengeneza hedfoni za mgonjwa aliyelala ndani ya mashine ya MRI, mahali ambapo sumaku ya hedfoni za kawaida hairuhusiwi kuingia.

Sauti yake ikoje? Kwa masikio yangu pale zinapoacha nyingine zote nyuma ni kwenye vyombo vya nyuzi. Weka taarabu ya zamani yenye kanuni na fidla, kanuni ina nyuzi nyingi zinazopigwa kwa kasi na kwenye hedfoni nyingi zinajirundika, hapa unasikia kucha ikigusa uzi, unasikia uzi ukinyamazishwa, na pumzi ya mwimbaji kabla hajaingia. Besi inashuka chini kabisa na imenyooka, ila ule msukumo wa kifuani wa singeli hutaupata, utando unacheza ndani ya nusu milimita kwa hiyo hauwezi kusukuma hewa nyingi. Mtu wa singeli peke yake simshauri atoe hela hiyo.

Kama unataka kununua, nyingi za bei ya maana ni za mtumba kutoka Japani na hapo kuna mambo ya kuangalia. Umeme wa Japani ni volti 100, wa Tanzania 230 na Kenya 240, amplifaya ya soko la Japani ukiichomeka ukutani hivihivi inaungua, unahitaji transfoma ya kushusha, na sio kile ki-adapta cha plagi ambacho kinabadilisha umbo la tundu tu. Pili, hesabu pini. Plagi ya Pro ya pini tano inaingia kwenye tundu la zamani la pini sita na itapiga kwa sauti ya chini maana bayasi ni 230, haiharibiki. Kinyume chake hakiingii, na usilazimishe kwa kukata pini ya sita, hedfoni za zamani zina nafasi ndogo zaidi kati ya utando na bati, kwenye 580 cheche zinaweza kuruka na kutoboa utando.

Tatu ni unyevu, na hili kwa watu wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja ni kubwa kuliko wanavyoandika watu wa nchi kavu. Kitu kinachotegemea chaji kutovuja hakipendi hewa ya chumvi na jasho. Dalili yake ni upande mmoja kupungua sauti, au mvumo mwembamba unaotokea hata bila muziki. Mara nyingi ukiacha amplifaya imewaka kwa muda na hedfoni imekaa mahali pakavu inarudi sawa. Itunze kwenye boksi linalofunga vizuri, weka na vile vipakti vya silika vinavyokuja na viatu, na iwekee kitambaa dhidi ya vumbi. Ila ukiivaa ukasikia kamlio kafupi ka utando kukunjana pale unapoibana kichwani usiogope, hiyo ni presha ya hewa tu na karibu zote zinafanya hivyo. Na ukiwa unamwandikia muuzaji muombe video ikiwa imewaka kwa nusu saa na sauti ya kati ikipigwa pande zote mbili kwa zamu, maana tofauti ya chaji kati ya kushoto na kulia haionekani kwenye picha, na mara nyingi dakika tano za kwanza haijisikii bado.